Joto la Usawa: Kutoka Waya wa Pasi Mpaka Karte Yenyewe

Leo tuache kidogo mambo ya ajira na siasa, tuongelee kitu kimoja chenye kinaonekana kidogo sana: rezistansi ya kutia chini ya karte. Mu ateliye swali linakuja kila juma: "Masta, niweke rezistansi gani ili karte yote ipate moto sawasawa?" Wengi wanajibu kwa bei ya soko. Mimi nataka kujibu kwa historia, juu historia ya kile kitu imeficha jibu zuri kuliko lenye tunapewa na wauzaji.

Kwa wale wenye hawakusoma elektroniki, nieleze kwanza. Karte ni kile kibao, mara nyingi cha kijani, chenye kubeba chipu na vitu vidogovidogo vya telefoni, televizyo ao konvertiseri ya sola. Ndani yake kuna majani membamba ya shaba, safu mbili, nne, hata kumi. Shaba inapitisha joto mara zaidi ya 1,000 kupita ile nyuzi ya kioo na gundi yenye kuishikilia. Basi joto halitembei vile unataka wewe. Linatembea vile shaba inataka. Ukipuliza hewa ya digrii 350 juu ya chipu moja, na chini karte ingali baridi, fasi moja inavimba, zingine zinabaki vile zilikuwa. Karte inapinda. Vile vikalio vya shaba vyenye chipu inashikamana navyo vinang'oka. Hapo kazi imekwisha, na pesa ya mteja imekwisha pamoja nayo.

Njo maana fundi mwenye akili anapasha kwanza karte yote kutoka chini, polepole, mpaka digrii 100 ao 150. Kiisha ndipo anaongeza hewa ya moto juu, kwa muda mfupi tu. Karte haishtuki tena, na bati ya kulehemu inayeyuka bila kulazimishwa.

Hii si mchezo wa mafundi wa telefoni peke yao. Walituletea siku moja karte ya frigo ya sola yenye kuchunga chanjo za watoto, kutoka kituo kimoja cha afya cha mbali. Ilikuwa imepita mu mikono mingine mbele yetu. Katikati ilikuwa imeungua, rangi ya kahawa iliyokaangwa sana, na pembeni bati haikuwa hata imeyeyuka. Chipu yenyewe ilikuwa nzima! Karte ndiyo ilikuwa imekufa. Chanjo zikabebwa na moto, ndani ya kisanduku cha barafu, mpaka kituo kingine, na bamama wakatembea kufuata chanjo. Mutu mwenye alifanya ile kazi hakukosa nguvu ya moto. Alikosa usawa wa moto.

Sasa tuingie mu historia. Neno langu ni hili: watu walitumia karibu miaka mia moja kujifunza kwamba joto la usawa haliko mu waya, liko mu uso. Na mwenye alitufungulia ile njia ni yule yule mwenye alitupa karte. Twende taratibu.

1. Kijana bila diplome

Mwaka 1840, karibu na Manchester, Uingereza, kijana wa miaka 21 anaitwa James Prescott Joule alikuwa anatia waya ndani ya maji, anapitisha kuran ndani yake, na kuangalia kipimajoto. Baba yake alikuwa mwenye kiwanda cha pombe. Joule hakuwa na diplome ya chuo kikuu hata moja. Alifundishwa nyumbani, na mmoja wa walimu wake alikuwa John Dalton, yule wa nadharia ya atomu. Joule aliona kwamba joto lenye linatoka mu waya linafuata rezistansi ya ule waya, na linafuata kuran mara kuran yenyewe. Kuran ikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Ile "mara yenyewe" ndiyo inatuumiza sisi huku kwetu. Tupige hesabu. Chukua rezistansi ya wati 400 yenye ilitengenezwa kwa volti 220. Volti mara volti, gawa kwa wati: unapata omu 121. Sasa usiku, wakati kila nyumba imewasha resho, volti zinashuka mpaka 160. Fanya 160 mara 160, gawa kwa 121: unabaki na wati 212 hivi. Volti zilipungua kwa robo tu na kitu, lakini joto limebaki nusu na kidogo. Fundi anadanganyika, anafikiri rezistansi ni mbovu, anainunulia ndugu yake yenye nguvu zaidi. Kesho yake asubuhi volti zinarudi 220, na karte ya mteja inaungua. Kosa si la rezistansi, kosa ni la kufanya kazi kwa saa, bila kupima joto. Joule mwenyewe alikuwa na kipimajoto ndani ya maji tangu siku ya kwanza!

2. Waya yenye haikufa

Sheria ya Joule ilikuwa sawa, lakini kwa zaidi ya miaka 60 hakukuwa na waya ya kuifanyia kazi vizuri. Chuma ikipata moto mwekundu hewani inaliwa na kutu haraka, inakatika. Platini haili kutu, lakini bei yake ni bei ya vito. Vyombo vya kwanza vya kupika kwa umeme vilikufa haraka, na watu wakarudia makala na kuni.

Mwaka 1906, mwezi wa pili, Mmarekani Albert Marsh alipewa hati ya uvumbuzi kwa mchanganyiko wa nikeli na kromu, karibu sehemu nne za nikeli kwa sehemu moja ya kromu. Tunaiita nikromu. Siri yake ni nzuri sana: ikipata moto, kromu ya juu inaungana na oksijeni na kufanya ngozi nyembamba yenye kushikamana, na ile ngozi inazuia hewa isiingie ndani. Ni kama ile ngozi ya juu ya maziwa yenye yamechemka. Tena, nikromu ina rezistansi zaidi ya mara 60 ya shaba, kwa hiyo kipande kifupi kinatosha. Mkate wa kuchoma, resho, pasi, fukuizi za nywele, vyote vya karne ya 20 vilitoka mu ule mlango. Kiisha, mu miaka ya 1920 na 1930, kule Sweden, Hans von Kantzow akaleta ndugu yake ya chuma, kromu na aluminiumu, yenye kuvumilia moto zaidi. Iliitwa Kanthal, na hata leo ndiyo iko mu tanuru nyingi.

Lakini angalieni tatizo. Waya ni mstari. Chini ya waya kuna moto, pembeni ya waya kuna baridi. Ukichoma mkate, mistari myekundu si kitu. Ukipasha karte, mistari ndiyo adui.

3. Somo la pasi na la sufuria

Watu wa kwanza kulazimishwa kufikiria uso badala ya mstari ni wale wa pasi. Hati ya pasi ya umeme ilitolewa Marekani mwaka 1882 kwa Henry Seeley. Shati haikubali mistari ya moto: fasi moja ikizidi, nguo inaungua. Basi wakafanya mambo mawili. La kwanza, waya ikafungwa juu ya jani la mika, lile jiwe lenye kumenyeka kama vitunguu, lenye kupitisha joto kidogo na kuzuia umeme. La pili, chini yake wakatia chuma kinene. Waya inapasha chuma, chuma kinapasha nguo. Baadaye kampuni ya General Electric ikaleta rezistansi ya bomba, kwa jina la Calrod: waya ya nikromu ndani ya bomba la chuma, katikati yao unga wa oksidi ya magnesi uliogandamizwa sana. Ndiyo ile yenye tunaona leo mu resho nyingi na mu mashini za kuchemsha maji.

Kwa nini chuma kinene? Mama mwenye kupika bugali anajua kuliko sisi. Weka sufuria nyembamba juu ya mbabula: bugali inaungua fasi yenye makala iko, na pembeni ni mbichi. Weka sufuria nzito ya aluminiumu: joto linakimbia pembeni mbele ya kupanda juu. Unene unampa joto nafasi ya kutembea. Na aluminiumu inapitisha joto mara nne hivi kupita chuma cha kawaida. Inoksi ndiyo mbaya kabisa, inapitisha kidogo kuliko zote mbili. Njo maana kupasha karte juu ya bati la inoksi, hata kama linang'aa vizuri, ni kujidanganya.

Hapa mu miji yetu, vijana wengi wanageuza pasi, tumbo juu, wanaifunga mu vizi na kuweka karte ya telefoni hapo. Mimi siwacheki. Walifikia peke yao somo la karne nzima. Kwa karte ndogo, pasi iliyogeuzwa inasaidia. Lakini tulipopima yetu na uzi wa kupimia joto, ule wenye mafundi wanauita termokupli, kati ya katikati na ncha ya mbele tofauti ilipita digrii 20. Tena kile kidude chake cha kuzima na kuwasha, vyuma viwili vilivyoshikana vyenye kupinda vikipata moto, kinaachilia joto lipande sana, kiisha lishuke sana. Kwa shati ni sawa. Kwa karte ya konvertiseri yenye ukubwa wa kitabu, haifai. Na muangalie pasi za zamani sana: ndani yake kunaweza kuwa amianti, ile nyuzi nyeupe yenye kuharibu mapafu. Usiifungue kwa kisu na kupuliza vumbi.

4. Finaliste mwenye alikosa kazi

Sasa tufike kwa mutu mwenye ananipendeza kuliko wote mu hii historia. Anaitwa Paul Eisler. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1907, mu familia ya Wayahudi. Alimaliza masomo ya enjinia mwaka 1930. Diplome iko mkononi, lakini kazi hakuna: chuki juu ya Wayahudi ilikuwa imefunga milango. Ndugu wasomaji, ile hali tunaijua, hata kama sababu ni zingine. Eisler akafanya kazi za kupita, na moja ya zile kazi ilikuwa upande wa magazeti na matbaa. Hapo akajifunza namna ya kuchapa: namna asidi inakula chuma fasi yenye haikufunikwa na wino.

Mwaka 1936 akakimbilia Uingereza. London, akiwa na pesa kidogo, akajiuliza swali la mutu mwenye anajua matbaa na radio pamoja. Kwa nini wasichana wa kiwanda wanaunga waya moja kwa moja kwa mkono ndani ya kila radio, na wakati gazeti linachapwa mara elfu bila mutu kuandika herufi? Akachukua jani la shaba juu ya kibao, akachora njia za umeme kwa wino, akaacha asidi ikule shaba yote yenye haikufunikwa. Zile njia zikabaki. Akafanya radio kwa ile namna. Ndiyo karte kama tunavyoijua.

Alipoipeleka kwa kampuni ya Uingereza, wakamkatalia: mshahara wa wasichana ulikuwa mdogo, na wasichana wanabadilika haraka kuliko mashini. Vita ikaanza, na Eisler, mwenye alikimbia Wanazi, akafungwa na Waingereza kama raia wa nchi adui. Alipotoka mwaka 1941, akapata matbaa moja ya London yenye ilikubali wazo lake, na mwaka 1943 akaomba hati za uvumbuzi. Upande wa Marekani, wakati wa ile vita, walitumia njia ya jamaa yake, wino wa fedha juu ya kauri, ndani ya makombora ya mizinga yenye kulipuka yakikaribia ndege. Vita ikaisha, na dunia nzima ikaanza kuchapa saketi.

Lakini sehemu yenye wengi hawaisomi ni ya baadaye. Mwaka 1957 Eisler aliacha ile kampuni yenye ilikuwa inachunga hati zake, akaanza kufanya kazi peke yake. Na alifanya nini? Rezistansi! Alirudi kwa lile jani la chuma lililoliwa na asidi, akasema: kama naweza kuchora njia ya umeme ya sura yoyote juu ya uso, naweza kuchora njia ya joto pia. Jani jembamba, lenye kupindapinda kama nyoka kutoka pembe moja mpaka nyingine, linajaza uso wote. Hakuna tena waya hapa na baridi pale. Alifikiria karatasi za ukuta zenye kupasha nyumba, mazulia ya joto, vifaa vya kupashia chakula, vioo vya nyuma vya motokari vyenye kuondoa ukungu. Biashara haikumletea mengi. Alikufa London mwaka 1992, na vitu vingi vya fikra yake viko mu mikono ya watu wenye hawajui jina lake.

Angalieni vizuri: karte na rezistansi ya uso ni mapacha. Baba mmoja, njia moja, jani moja la chuma, asidi moja. Moja inabeba habari, ingine inabeba joto. Ndio maana mutu mwenye anauliza "rezistansi gani inafaa karte?" nataka kumjibu: ile yenye inafanana na karte. Ile yenye imechorwa juu ya uso sawa na wake.

5. Bati yetu, na mwaka 2006

Kuna sehemu yetu mu hii hadithi. Ile bati yenye kushikamanisha chipu na karte inatoka mu kasiteriti. Mwaka 1942 Wajapani walipochukua Malaya na visiwa vya Indonesia, Washirika walipoteza chanzo kikubwa cha bati, wakageukia Bolivia, Nigeria na Congo ya Wabelgiji, pamoja na migodi ya Manono na ya Maniema na Kivu. Leo Bisie, kule Walikale, iko kati ya migodi mikubwa ya bati ya dunia. Na shaba, hata sina haja ya kueleza: kutoka mwaka 1971 mpaka 1997 Katanga yenyewe iliitwa Shaba. Tunachimba vyote viwili, kiisha vinaturudilia vikiwa karte, na mara nyingi tunaziunguza juu ya kukosa kibao cha joto cha wati mia nne. Hilo linaniuma.

Kazi yetu ikawa ngumu zaidi tarehe 1 mwezi wa saba mwaka 2006. Siku ile Umoja wa Ulaya ulianza kukataza risasi mu vyombo vya elektroniki vipya, juu risasi ni sumu. Viwanda vya dunia vikafuata. Bati ya zamani, yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi kwa mia, ilikuwa inayeyuka kwa digrii 183. Ile mpya ya bati, fedha kidogo na shaba kidogo, inaanza kuyeyuka kwa digrii 217. Zile digrii 34 zinaonekana kidogo, lakini zilikula nafasi yetu ya kukosea. Gundi ya karte ya kawaida inaanza kulegea kwa digrii 130 ao 140 hivi, na chipu nyingi hazipendi kupita 260. Chipu zenye mipira ya bati chini ya tumbo, zenye huwezi hata kuona fasi unalehemu, zinataka mipira yote iyeyuke pamoja. Kama pembe moja iko nyuma kwa digrii 20, pembe ile haishiki. Mteja anarudi kisha wiki mbili, na anasema wewe ni mwizi.

6. Basi, tuchague nini?

Niseme yenye naona sokoni na thamani yake.

Waya ya nikromu peke yake, ao ile ya resho: ni rahisi, iko fasi yote, lakini ni mstari. Usiweke karte juu yake moja kwa moja.

Taa na mabomba ya infraredi: yanapasha bila kugusa, na ni mazuri kwa karte yenye kuwa na vitu chini. Lakini mwanga hauhurumii wote sawa: chipu nyeusi inakunywa joto, chuma yenye kung'aa inalirudisha. Inataka umbali na uvumilivu. Zile za kauri, zenye hazitoi mwanga wa kuonekana, ni bora kuliko taa ya kung'aa.

Vibao vya kauri vyenye kuandikwa PTC: hivi vinanipendeza kwa mji wetu. Vinafanywa na titanati ya bariamu, na kazi yake ya kwanza ilifanywa mu miaka ya 1950, pamoja na watu wa Philips, Uholanzi. Kikifikia joto lake, rezistansi yake inapanda mara mia nyingi kwa ghafula, na kuran inajizuia yenyewe. Kuongeza risasi mu ile kauri kunapandisha kile kiwango, kuongeza stronti kunakishusha. Njo maana vinauzwa vya joto mbalimbali. Volti zikishuka ao kupanda, kibao kinakaa karibu na joto lake. Pale umeme wenyewe unakuwa kigeugeu, hii ni baraka. Ubaya wake: joto liliamuliwa kiwandani, wewe huchagui. Na ni vidogo, kwa hiyo vinahitaji sahani ya kuvieneza.

Mikeka ya mpira wa silikoni: ndani yake kuna lile jani la Eisler, limeliwa na asidi, limefungwa katikati ya mpira. Inabandikwa chini ya sahani ya aluminiumu. Kwa kupasha mpaka digrii 150, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Isipitishwe sana digrii 200, mpira unachoka.

Na mwisho, karte yenyewe. Vijana wa nchi nyingi leo wanachora njia ya shaba yenye kupindapinda juu ya karte ya aluminiumu, wanaitia umeme wa volti ndogo, na inakuwa kibao cha kupashia karte zingine. Rezistansi ya shaba inaongezeka kwa 0.39 kwa mia kila digrii. Kutoka digrii 20 mpaka 220, imeongezeka kwa 78 kwa mia. Ukipima volti na kuran, rezistansi yenyewe inakuambia joto lake, bila kipimajoto kingine. Eisler angecheka kwa furaha.

7. Hesabu ya ateliye moja

Tuseme unataka sahani ya sentimeta 20 kwa 20, unene milimeta 6, aluminiumu. Uzito wake ni gramu 648. Kila gramu inataka jouli 0.9 kupanda digrii moja. Kutoka digrii 25 mpaka 150, unahitaji jouli 73,000 hivi. Mkeka wa wati 400 unazileta kwa dakika tatu, tukisahau joto lenye linapotea hewani. Volti zikishuka mpaka 160, ni karibu dakika sita. Hakuna ubaya, kama unafuata kipimajoto na si saa.

Pembe za sahani zinapoteza joto kuliko katikati, juu zinagusa hewa pande nyingi. Basi sahani iwe kubwa kuliko karte, zaidi ya vidole viwili kila upande. Funika chini na sufu ya kioo. Unga waya ya udongo kwa ile sahani, juu aluminiumu na volti 220 ni jirani wabaya, na tia fyuzi ya joto ya kukata umeme kama kidhibiti kimekufa. Kiisha pima fasi tano: katikati na pembe nne. Kama tofauti inapita digrii 10, usilaumu rezistansi mbele ya kuongeza unene wa sahani. Na upandishe polepole, digrii moja mpaka tatu kwa sekunde, si zaidi. Haraka haraka haina baraka. Kwa karte, haraka inapasua chipu yenye ilinyonya unyevu wa hewa yetu ya ziwa.

Wapendwa, mu hii hadithi yote sikuona mutu mmoja mwenye alishinda kwa kuongeza nguvu ya moto. Joule alipima. Marsh alitafuta ngozi ya kulinda waya. Watu wa pasi walitia unene. Eisler, enjinia mwenye alikosa kazi ya enjinia, alichukua elimu ya matbaa, yenye haikuwa mu diplome yake, akaitia mu radio, kiisha mu joto. Wengi wetu tunaona aibu kwamba tulisoma miaka mitano na sasa tunatengeneza konvertiseri na radio mu chumba kimoja. Aibu iko wapi? Karte moja yenye imelehemiwa kwa joto la usawa inaweza kuwa ile ya frigo ya chanjo, na kuna mama mwenye hatalazimika kutembea tena kilometa nyingi na mtoto mgongoni. Nunueni sahani nene, na mupime fasi tano.